Pima Maji Kabla ya Kumwaga Zege

Maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka yanapoanza kuwa na ukungu, na vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba chembe zinazoelea zimevuka kiwango kinachoruhusiwa kumwagwa mtoni, pendekezo la kwanza linalowekwa mezani karibu kila mara ni lilelile: mtambo umezidiwa, tujenge tangi jingine la kutuamisha. Pendekezo hilo lina mvuto wake, kwa kuwa tangi huonekana kwa macho, huzinduliwa kwa kukata utepe na huingia vizuri katika andiko la mkopo. Hoja yangu ni kwamba tangi la kutuamisha ndipo mahali ambapo kasoro za mtambo mzima hujitokeza, lakini mara nyingi si mahali zinapozaliwa. Anayeongeza zege kabla ya kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tangi alilonalo, na jinsi tope lake linavyoshuka, anaweza kuishia na matangi mawili yenye ugonjwa mmoja.

Kazi ya tangi hili inafahamika kwa yeyote aliyekulia katika nyumba yenye mtungi. Maji ya mto yaliachwa yatulie usiku kucha, pengine baada ya kukorogwa kwa kipande cha shabu, na asubuhi yakachotwa ya juu taratibu ili masimbi yabaki chini. Tofauti ni kwamba mtungi unaachwa utulie, ilhali maji ya mtambo hayasimami hata dakika moja: yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine usiku na mchana, na kila chembe inalazimika kufika sakafuni kabla maji yaliyoibeba hayajafika ukingoni.

Mwaka 1904 mhandisi Mmarekani Allen Hazen alionyesha kwa hesabu jambo ambalo hata leo huwashangaza wengi, kwamba kwa chembe zinazoshuka kila moja kivyake, kina cha tangi hakiongezi chochote. Ukilifanya tangi kuwa na kina maradufu, maji yatakaa ndani yake muda maradufu, lakini chembe nayo itakuwa na safari ndefu maradufu, kwa hiyo faida inajifuta yenyewe. Kinachoamua ni eneo la uso wa maji. Gawanya kiasi cha maji yanayoingia kwa saa kwa eneo hilo, utapata kasi ambayo maji hupanda. Chembe inayoshuka kwa kasi kubwa kuliko hiyo itabaki, na inayoshuka polepole itatoka nje. Kutokana na hoja hiyo, Hazen aliona kwamba ukiweka sakafu ya pili katikati ya tangi unakuwa umeliongezea eneo bila kuongeza hata mita moja ya kiwanja. Wahandisi wa Boston katika mtambo wa Deer Island, na wa Hong Kong katika kisiwa cha Stonecutters, ambako ardhi ni ghali kupita kiasi, wamejenga matangi ya ghorofa kwa mantiki hiyohiyo. Mabamba ya mshazari, yanayopangwa kwa wingi ndani ya tangi kwa mwinamo wa nyuzi 55 hadi 60 ili tope liteleze lenyewe hadi chini, ni wazo hilohilo lililokatwa vipande vyembamba.

Sehemu nyingi za ukanda wetu zina bahati moja ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havitusimulii. Maji ya nyuzijoto 10 ni mazito kutiririka takribani mara moja na nusu kuliko maji ya nyuzijoto 25, na kasi ya chembe ndogo kushuka hupungua kwa uwiano huohuo. Chembe inayosumbua wakati wa majira ya baridi ya Ulaya hushuka kwa haraka zaidi katika mtambo wa Mombasa au Kampala. Nitarudi baadaye kwenye joto hili, kwa sababu lina deni lake.

Hesabu ya Hazen ni ya tangi la karatasini, ambamo maji husogea kwa utulivu kama jeshi kwenye gwaride, safu kwa safu, bila kupishana. Matangi ya kweli hayako hivyo, na hasa matangi ya pili, yale yanayopokea mchanganyiko wa maji na tope hai, yaani madonge ya vijidudu wanaokula uchafu, kutoka kwenye bwawa linalopulizwa hewa. Mchanganyiko huo ni mzito kidogo kuliko maji safi yaliyomo tangini, kwa hiyo ukiingia katikati huzama moja kwa moja hadi chini, ukatambaa juu ya tope kuelekea ukutani, ukagonga ukuta, ukapanda juu na kumwagika ukingoni pamoja na chembe ulizozibeba. Norval Anderson wa mamlaka ya majitaka ya Chicago alichapisha uchunguzi wake wa mkondo huu mwaka 1945, akaonyesha kwamba mahali zinapowekwa kingo za kumwagia maji si jambo la mapambo: ukiziweka pale pale mkondo unapopanda ukutani, umelipa kwa fedha zako mwenyewe kuuchota uchafu. Sehemu kubwa ya maji ya katikati ya tangi, wakati huo, inazunguka polepole bila kufanya kazi yoyote. Mwenye mtambo amejenga tangi la mita za ujazo elfu mbili na zaidi, na anatumia sehemu yake tu.

Miaka ya 1980 mhandisi mwingine wa Marekani, Robert Crosby, aliyafuatilia matangi ya namna hii kwa rangi. Rangi isiyodhuru humwagwa kwenye maji yanayoingia, kisha sampuli huchotwa kwa vipindi katika vina mbalimbali na kando ya kingo, hadi picha ya mkondo ikamilike. Matokeo ya zoezi hili katika mitambo mingi yanafanana kwa namna ya kukatisha tamaa: maji ambayo kwa hesabu yalipaswa kukaa saa kadhaa yanaanza kutoka katika sehemu ndogo tu ya muda huo. Dawa nayo imekuwa nyepesi ikilinganishwa na tangi jipya. Bamba la mshazari hufungwa kuzunguka ukuta, chini ya mfereji wa kukusanyia maji, ili mkondo unaopanda urudishwe katikati badala ya kuachiwa njia ya moja kwa moja. Bamba hilo mara nyingi ni la fiberglasi, hufungwa kwa boliti, na tangi hufungwa kwa siku chache tu. Silinda ya katikati, ambamo mchanganyiko huingilia, inaweza kupanuliwa ili madonge ya tope yaliyovunjwa na pampu na mabomba yapate nafasi ya kugongana taratibu na kushikana upya kabla ya kuachiliwa.

Lakini hata bamba ni haraka kupita kiasi ikiwa hakuna aliyechunguza kingo zenyewe. Kingo nyingi zina meno ya pembetatu, na kiasi cha maji kinachopita katika kila jino hukua kwa kipeo cha 2.5 cha kina cha maji yaliyomo. Tuseme tangi la kipenyo cha mita 30 limezama kidogo upande mmoja, kiasi kwamba ukingo wa upande huo uko chini kwa sentimita 1 tu. Maji yakiwa na kina cha sentimita 5.5 katika meno ya upande wa chini na 4.5 katika upande wa juu, upande wa chini utapitisha maji zaidi kwa asilimia 65. Macho ya mgeni hayatagundua lolote. Fundi mwenye pima maji, spana na siku moja ya kazi anaweza kulirekebisha, kwa sababu kingo hizi kwa kawaida hufungwa kwa boliti zenye matundu marefu kwa ajili hiyo hasa, ingawa katika mitambo mingine boliti zimeshikwa na kutu tangu zilipofungwa mara ya kwanza. Jambo hilohilo hutokea kwenye kisanduku kinachogawa maji kwa matangi manne: tangi lililo karibu na bomba hupata fungu kubwa na kutapika tope, la mwisho linapumzika, na taarifa ya mwezi inaandika kwamba mtambo kwa ujumla umezidiwa.

Sasa tuingie kwenye tope lenyewe, kwani hapa ndipo matatizo mengi ya matangi ya pili huanzia. Edward Ardern na William Lockett, wakifanya kazi kwenye majitaka ya Manchester, walieleza mwaka 1914 kwamba wasipolitupa tope lililobaki baada ya kupuliza hewa, bali wakalihifadhi na kulitumia tena na tena kwa majitaka mapya, muda wa kusafisha ulipungua kutoka wiki kadhaa hadi chini ya siku moja. Tope hai lilizaliwa hapo, na likaja na sharti ambalo mara nyingi husahaulika: njia nzima inategemea uwezo wa vijidudu hao kushikamana na kushuka. Tangi la pili, kwa maneno mengine, ni sehemu ya shamba lao. Vijidudu wasioshuka hutoka na maji, na wanaoshuka hurudishwa. Mtambo kila siku unachagua mbegu, ajue au asijue anayeuendesha.

Floyd Mohlman, naye wa Chicago, alitupatia mwaka 1934 kipimo cha uchaguzi huo, na mpaka leo hakuna kilicho rahisi zaidi. Jaza mchanganyiko kwenye silinda ya lita 1, subiri dakika 30, soma tope limefika alama gani, kisha ugawe mililita hizo kwa gramu za tope zilizomo katika lita. Ikiwa tope limeshuka hadi mililita 300 na mchanganyiko una gramu 3 kwa lita, kila gramu inachukua mililita 100, na hilo ni tope jema. Likibaki mililita 600, kila gramu inachukua 200, na mwendeshaji anapaswa kuanza kuuliza maswali. Mara nyingi jibu liko chini ya hadubini, kwa bakteria wa nyuzi wanaotoka nje ya madonge na kuyazuia yasisogeleane, kama miba ya nungunungu. Baadhi ya bakteria hawa hustawi hewa ikiwa pungufu, wengine chakula kikiwa kidogo mno, wengine majitaka yakiingia yakiwa yameoza na kujaa salfaidi kwa sababu yamekaa njiani muda mrefu katika mabomba yenye mteremko mdogo. Kila kundi linataja kosa lake, na hakuna hata kosa moja kati ya hayo ambalo tangi jipya linaweza kulirekebisha.

Jan Chudoba na wenzake wa Prague walionyesha mwaka 1973 njia ambayo imesaidia mitambo mingi tangu wakati huo. Badala ya kuyamwaga majitaka mapya katika bwawa zima lenye chakula kidogo kila mahali, yakutanishwe kwanza na tope linalorudishwa katika vyumba vidogo vya mwanzo, ambamo chakula ni kingi kwa muda mfupi. Bakteria wanaotengeneza madonge hula kwa pupa wakati wa shibe, ilhali wengi wa wale wa nyuzi ni hodari wa kuvumilia njaa. Kwa hiyo mpangilio huo unawapa wa kwanza nafasi ya kutangulia. Kinachohitajika mara nyingi ni kuta chache za kugawa mwanzo wa bwawa lililopo.

Nitoe mfano wa hesabu, ambao nimeupanga mwenyewe kwa thamani za kawaida, ili tuone tope lina uzito gani katika mjadala huu. Tangi letu la kipenyo cha mita 30 lina eneo la mita za mraba 707 hivi. Siku ya kawaida linapokea mita za ujazo 500 kwa saa, na maji hupanda kwa kasi ya mita 0.7 kwa saa. Mvua ya masika inaponyesha na maji ya barabarani yakapenya kwenye mifuniko na maungio ya mabomba, mtiririko unapanda mara tatu, na kasi inakuwa mita 2.1 kwa saa. Tope jema likiwa gramu 3 kwa lita linaweza kushuka kwa takribani mita 2.1 kwa saa, kwa hiyo tangi linanusurika kwa kubahatisha. Tope lililoharibiwa na nyuzi, kwa wingi huohuo, linashuka kwa mita 1.2 hivi, na baada ya muda si mrefu blanketi zima la tope litakuwa limefurika ukingoni. Ili kulimudu tope hilo bovu kwa zege, utahitaji karibu eneo maradufu. Lakini tope hilohilo bovu likipunguzwa hadi gramu 2 kwa lita kabla halijaingia tangini, kasi yake inarudi kwenye mita 2.1.

Kulipunguza kwa saa chache kunawezekana pasipo kumwaga hata ndoo moja. Wakati wa mvua majitaka yanaelekezwa yaingie karibu na mwisho wa bwawa la hewa badala ya mwanzo wake, huku tope linalorudishwa likiendelea kuingia mwanzoni. Tope zito linabaki limehifadhiwa sehemu ya mwanzo, na mchanganyiko unaokwenda tangini unakuwa mwepesi. Lango moja, bomba moja la ziada, na mtu mwenye mamlaka ya kulifungua saa nane za usiku bila kusubiri barua. Nadhani sharti la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Kuna imani moja ya mitambo ambayo inanikera kidogo, nayo ni kwamba blanketi la tope likipanda, dawa ni kuongeza kasi ya pampu za kurudisha tope. Wakati mwingine ni kweli, hasa ikiwa tope limerundikana chini kwa sababu halikuondolewa vya kutosha. Lakini kila tone linalorudishwa litapita tena kwenye bwawa na kuingia tena tangini. Katika tangi letu la mfano, mtiririko ukiwa mita za ujazo 500 kwa saa, marejesho 250 na tope gramu 3 kwa lita, kila mita ya mraba inabeba kilo 3.2 za tope kwa saa. Pandisha marejesho hadi 500, mzigo unafika kilo 4.2, na msukosuko wa kuingia unaongezeka. Ikiwa tatizo lilikuwa kwamba tope halishuki, umelichochea badala ya kulitibu. Njia ya kutofautisha hali hizi mbili ipo, na inahitaji karatasi ya grafu na vipimo vichache vya kasi ya kushuka kwa unene mbalimbali. Wahandisi wamekuwa nayo kwa miongo mingi, lakini ni nadra kuikuta ukutani katika chumba cha mwendeshaji, mahali inapotakiwa.

Deni la joto nililolitaja ni hili. Katika maji ya vuguvugu vijidudu hufanya kila kitu haraka, pamoja na yale tusiyoyataka. Tope likikaa chini ya tangi la pili likiwa na nitrati, bakteria huivunja na kutoa gesi ya naitrojeni, na mapovu yake huinua mabonge ya tope hadi juu kama maandazi yanayoelea kwenye mafuta. Katika tangi la kwanza, lile linalopokea majitaka mabichi, tope hugeuka chachu mapema na kutoa gesi zake. Anayefuata ratiba ya kuondoa tope iliyoandikwa kwa ajili ya nchi yenye baridi atashangaa kwa nini tope lake linapanda juu ilhali lilishatuama vizuri. Hapa dawa ni kuliondoa mapema zaidi na mara kwa mara, yaani kinyume cha ushauri wa kulituliza. Tope la namna hii hulitambui kwa namba ya chembe kwenye ripoti. Unalitambua kwa kusimama ukingoni na kutazama, kwa sababu mabonge yenye mapovu, blanketi linalofurika kwa usawa na ukungu wa chembe ndogondogo ni magonjwa matatu yanayoweza kutoa namba ileile.

Kwa huo ukungu wa chembe ndogo, ambao ndio unaowatatiza wengi, kuna jaribio ambalo ningelifanya kuwa la lazima kabla ya senti yoyote kutolewa kwa ujenzi. Pima chembe katika maji yanayotoka tangini. Kisha chota mchanganyiko kabla tu haujaingia tangini, uache utulie dakika 30 ndani ya chombo hichohicho ulichochotea, bila kuumimina, na upime maji ya juu. Mwisho, chukua mchanganyiko mwingine, ukoroge polepole kwa dakika 30 ili madonge yashikane kadiri yanavyoweza, uache utulie dakika 30 nyingine, na upime tena maji ya juu. Ikiwa maji ya tangi ni machafu na ya vyombo vyote viwili ni safi, tope ni zima na mikondo ya tangi ndiyo yenye kosa. Nenda kwenye kingo, mabamba na ugawaji wa maji. Ikiwa kilichokorogwa peke yake ndicho safi, madonge yanavunjika njiani au hayapewi nafasi ya kushikana, na silinda ya katikati inahitaji kushughulikiwa. Ikiwa vyote ni vichafu, kasoro iko kwenye uhai wa tope au kwenye kinachoingia kutoka viwandani, na tangi lingejengwa hata la ukubwa wa uwanja wa mpira lisingesaidia. Jaribio zima linamalizika kabla ya chakula cha mchana.

Mitambo ya Afrika Mashariki haifanani, na ushauri huu haugusi yote kwa namna moja. Kariobangi jijini Nairobi na Bugolobi jijini Kampala hutumia matangi ya kutuamisha yakifuatiwa na vichujio ambavyo maji hudondokea juu yake, wala si bwawa la tope hai. Hapo tangi la kwanza ndilo lenye uzito mkubwa. Likifanya kazi vizuri huondoa nusu hadi asilimia 70 ya chembe na robo hadi asilimia 40 ya uchafu unaokula oksijeni. Likishindwa, mzigo huo unakwenda kuziba vichujio. Mtambo mpya wa Bugolobi, uliojengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, una faida ya ziada ya kulijali tangi hilo, kwa kuwa tope la kwanza, lililo bichi na lenye mafuta, ndilo linalotoa gesi nyingi zaidi kwenye matangi ya kuozesha, na gesi hiyo huzalisha umeme. Maji yake huishia kwenye mfereji wa Nakivubo na ghuba ya Murchison, upande uleule wa ziwa ambao mji huchotea maji yake ya kunywa huko Ggaba. Pale ambapo tangi la kwanza limezidiwa kwelikweli, kuongeza chumvi za chuma na polima kabla ya tangi, kama Hong Kong inavyofanya Stonecutters, ni shabu ya mtungini kwa kipimo kikubwa: huongeza chembe zinazoshuka ndani ya zege lilelile, kwa gharama ya dawa za kila siku na tope zaidi la kushughulikia. Kwa mtambo unaotegemea kuagiza dawa kutoka nje, ningeiweka kama hatua ya muda.

Dar es Salaam kwa miaka mingi imetegemea mabwawa, kama yale ya Vingunguti na Kurasini, na Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora huko Ruai. Mtu anaweza kusema kwamba habari za matangi hazimhusu. Bwawa la kwanza katika mfululizo, hata hivyo, ni tangi la kutuamisha ambalo halina reki wala pampu ya kuondoa tope, na kila mwaka usiotolewa tope unapunguza kina chake hadi maji yajichimbie njia fupi kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Fimbo ndefu iliyofungwa taulo jeupe, ikizamishwa wima na kuinuliwa, huonyesha alama ya unene wa tope. Kuzamisha fimbo hiyo kutoka kwenye mtumbwi katika sehemu ishirini za bwawa ni kazi ya asubuhi moja, na ramani inayopatikana ina thamani kuliko kurasa nyingi za upembuzi yakinifu.

Sisemi kwamba zege halihitajiki kamwe. Matangi ya pili ya zamani yenye kina cha mita 2.5 hivi hayana nafasi ya kuhifadhi blanketi la tope wakati wa mvua, na hapo hesabu ya Hazen kuhusu kina haituokoi, kwa kuwa yeye alizungumzia chembe zinazoshuka moja moja, si tope zito linaloshuka kama shuka moja na kuhitaji mahali pa kukaa. Miji nayo inakua, na kuna siku ambapo mita 0.7 kwa saa inakuwa mita 1.5 hata bila mvua. Ninachodai ni mpangilio wa matumizi. Zabuni ya kupanua mtambo iwe na kipengele kinachomtaka mshauri alete, kabla ya mchoro wowote, jaribio la rangi katika kila tangi lililopo, usawa wa kingo uliopimwa kwa milimita, mgawanyo wa maji kati ya matangi, kasi ya kushuka kwa tope ya angalau msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, na yale majaribio matatu ya chembe. Malipo ya awamu ya usanifu yafungwe kwenye ripoti hiyo, na ripoti isainiwe pia na mwendeshaji wa zamu, ambaye amesimama ukingoni kila alfajiri na anajua ni tangi lipi huanza kutapika wa kwanza mvua inaponyesha.